Vyama vya Wanafunzi wa Biashara na Njia Panda ya Lusahunga

Chama cha wanafunzi wa biashara ni umoja wa hiari wa wanafunzi wanaosomea uhasibu, fedha, masoko, ununuzi na ugavi au uongozi wa biashara katika chuo kimoja. Kina katiba, viongozi wanaopigiwa kura, ada, na mhadhiri mmoja au wawili wanaokilea. Kisichanganywe na serikali ya wanafunzi. DARUSO ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, MUSO ya Mzumbe na SAUTSO ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, Mwanza, hubeba mzigo wa kila mwanafunzi, awe anasoma sheria au ualimu, na hushughulika zaidi na mikopo, malazi, nidhamu na malalamiko ya mitihani. Chama cha wanafunzi wa biashara kina eneo dogo zaidi: kumwandaa mwanachama aingie katika kazi ya biashara akiwa ameshaigusa kwa mikono yake.

Kata ya Lusahunga, wilayani Biharamulo mkoani Kagera, haina chuo kikuu. Ina kitu ambacho vyuo vingi vya biashara havina: njia panda ya biashara ya kimataifa. Barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Kahama hugawanyika hapo. Tawi moja huelekea Biharamulo mjini na Bukoba. Jingine hushika magharibi, likakata pori na kuingia wilaya ya Ngara hadi mpaka wa Rusumo, kilomita 92 mbele. Malori ya mizigo ya Rwanda na Burundi hupita hapo usiku na mchana. Kijana aliyekulia kwenye kata hiyo akifaulu kidato cha sita kwa mchepuo wenye somo la uchumi, kama ECA au EGM, safari yake ya chuo mara nyingi huishia Mwanza, Dar es Salaam, Morogoro au Moshi. Huko ndiko anakokutana na chama cha taaluma yake kwa mara ya kwanza, na kwa kawaida chama hicho hakimrudishi tena njia panda alikotoka.

Historia ya vyama hivi imefuata historia ya vyuo vyenyewe. Chuo cha Ushirika Moshi kilianza mwaka 1963, miaka miwili baada ya uhuru, kwa sababu vyama vya ushirika vya kahawa na pamba vilihitaji watunza hesabu. Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kikafuata mwaka 1965. Mwaka 1972 ulileta mambo matatu kwa pamoja: Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, jijini Dar es Salaam, Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, IDM, huko Mzumbe, ambacho mwaka 2001 kiligeuka kuwa Chuo Kikuu Mzumbe, na sheria iliyounda Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata Kitivo cha Biashara na Menejimenti mwaka 1979, ambacho baadaye kilikuja kuwa Shule ya Biashara ya chuo hicho.

Ukitazama miaka hiyo, mwanafunzi wa biashara alikuwa katika hali ya pekee. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwaka 1967, benki na viwanda vikubwa vilikuwa mikononi mwa umma, na kazi iliyomsubiri ilikuwa ya uhasibu au ugavi katika shirika la umma. Hakuwa na sababu kubwa ya kuunda klabu ya wawekezaji, kwa kuwa soko la hisa halikuwepo. Siasa za wanafunzi nazo zilikuwa na uzito wake. USARF, kikundi cha wanamapinduzi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilichotoa jarida la Cheche, kilipigwa marufuku mwaka 1970. Baada ya maandamano ya Machi 1978 umoja wa wanafunzi wa chuo hicho, DUSO, ulivunjwa, na nafasi yake ikachukuliwa na MUWATA iliyokuwa chini ya jumuiya ya vijana ya chama tawala. Mazingira ya namna hiyo hayakukipa chama cha taaluma uhuru mwingi wa kujitafutia fedha na marafiki nje ya chuo.

Mambo yalibadilika kuanzia katikati ya miaka ya 1980 biashara ilipolegezwa, na zaidi katika miaka ya 1990. Mashirika ya umma yalibinafsishwa, benki binafsi zikafunguliwa, Soko la Hisa la Dar es Salaam likaandikishwa mwaka 1996 na kuanza mauzo Aprili 1998 kwa hisa za kampuni ya TOL. Mhitimu hakuweza tena kutegemea kupangiwa kazi na serikali. Alihitaji kujulikana na waajiri, kujua usaili unavyokwenda, na kuwa na cha kuonyesha zaidi ya cheti. Hapo ndipo vyama vya wanafunzi wa uhasibu, wa fedha, wa masoko na wa ununuzi vilipopata kazi ya kufanya, na ndiyo maana leo vyuo vingi vikubwa vya biashara nchini vina kadhaa.

Nje ya Tanzania mila hii ni ya zamani zaidi. Alpha Kappa Psi, udugu wa wanafunzi wa biashara, ulianzishwa katika Chuo Kikuu cha New York mwaka 1904. Mtandao wa AIESEC ulizaliwa Ulaya mwaka 1948 kwa mkono wa wanafunzi wa nchi saba, vita vikuu vikiwa vimekwisha miaka mitatu tu kabla, kwa lengo la kubadilishana vijana kati ya nchi zilizokuwa zikipigana. Una wanachama katika vyuo vya Tanzania na Kenya hadi leo. Enactus, iliyoanza Marekani mwaka 1975 kwa jina la SIFE na kubadili jina mwaka 2012, imeota mizizi hasa Kenya, ambako timu za vyuo hushindana kila mwaka kwa miradi inayoinua kipato cha watu wa kawaida. Enactus ina jambo moja la kuigwa: mwanafunzi hahesabiwi kwa hotuba aliyoisikiliza, anahesabiwa kwa mradi uliobadilisha mapato ya mtu fulani, na lazima alete hesabu zinazothibitisha.

Aina za vyama na kazi zake

Vyama vilivyo vingi zaidi ni vya taaluma moja moja. Chama cha wanafunzi wa uhasibu humsogeza mwanachama karibu na NBAA na mitihani yake ya uhasibu, CPA. Cha ununuzi na ugavi humsogeza karibu na PSPTB, bodi ya taaluma hiyo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Kazi za vyama hivi zinajulikana: kuwaita wahasibu na maofisa ugavi waje kuzungumza, kupanga vikundi vya kujisomea, kuwaandikia waajiri ili wanachama wapate nafasi za mafunzo kwa vitendo, ambayo kila mwanafunzi huyaita "field". Kazi hii ya mwisho ina thamani kuliko inavyodhaniwa. Mwanafunzi asiye na ndugu ofisini hupata shida kubwa kupata mahali pa kufanyia field, na barua ya chama chenye jina zuri inaweza kumfungulia mlango.

Kundi la pili ni klabu za uwekezaji. Hizi zilipata nguvu mwaka 2014 Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanzisha shindano la uwekezaji kwa wanafunzi wa vyuo. Mshiriki hupewa mtaji wa kubuni wa shilingi milioni moja, akanunua na kuuza hisa za kampuni halisi kwa bei halisi za soko, kupitia simu au kompyuta, na mwisho wa shindano faida yake ikapimwa dhidi ya wenzake. Fedha ni za mchezo, bei si za mchezo. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana nayo imeendesha shindano lake la vyuo, lenye maswali na insha. Mwanafunzi aliyeshiriki akajifunza kusoma taarifa ya fedha ya benki au kiwanda cha bia amevuka hatua ambayo mihadhara peke yake haimvushi. Udhaifu wa shindano la hisa ni kwamba muda wake ni mfupi na humzawadia aliyebahatisha sawa na aliyechambua. Mlezi mzuri wa klabu humtaka kila mshiriki aandike sababu ya kila hisa aliyoinunua kabla ya kujua matokeo.

Zipo pia klabu za ujasiriamali, matawi ya mitandao ya kimataifa, na umoja wa wanafunzi wanaotoka mkoa mmoja. Umoja wa mkoa si chama cha biashara, lakini ukweli ni kwamba mwanafunzi wa Biharamulo au Ngara hupata msaada wake wa kwanza huko: chumba cha kufikia, nauli ya dharura, mtu wa kumwelekeza. Moshi kuna kitu cha ziada. Chuo Kikuu cha Ushirika, kilichopata hadhi hiyo kamili mwaka 2014, kimewalea kwa miongo kadhaa wanafunzi wanaosoma jinsi chama cha akiba na mikopo kinavyoendeshwa. Vyama vya wanafunzi katika vyuo vingine vingejifunza mengi kwa kwenda kukaa huko wiki moja.

Fedha za chama

Sehemu inayofundisha kuliko zote katika maisha ya chama ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, nayo ni utunzaji wa fedha zake. Chama chenye wanachama 300 wanaolipa ada ya shilingi 5,000 kwa mwaka kina shilingi 1,500,000 kabla ya kuomba udhamini hata senti. Ni fedha ndogo kwa kampuni. Kwa wanafunzi wanaosubiri bumu, yaani fedha za kujikimu, kutoka Bodi ya Mikopo ni fedha nyingi, na ni za kweli, na zina wenyewe. Kila kanuni iliyomo katika kitabu cha uhasibu cha mwaka wa kwanza inaweza kutumika juu yake: bajeti iliyopitishwa na mkutano, stakabadhi kwa kila ada, hati ya malipo kwa kila matumizi, daftari la fedha lililolinganishwa na taarifa ya benki kila mwezi, mizania ya mwisho wa mwaka, na mkaguzi asiye kiongozi.

Hali ilivyo katika vyama vingi ni tofauti. Ada hukusanywa kwenye simu ya mweka hazina. Benki hutaka katiba, muhtasari wa kikao, barua ya chuo na picha za watia saini ili ifungue akaunti. Na kwa kuwa shahada ya biashara ni miaka mitatu na viongozi hukaa mwaka mmoja, watia saini hubadilika kabla karatasi hazijakamilika. Hivyo simu ya mtu mmoja inakuwa benki ya chama. Hata mweka hazina akiwa mwaminifu kabisa, fedha za chama zimechanganyika na za chakula chake, na siku ya kutoa hesabu hawezi kuonyesha mstari unaozitenganisha. Chama cha wahasibu watarajiwa kinachoshindwa kutoa mizania yake kimeshindwa kazi yake ya kwanza, hata kama kongamano lake lilijaza ukumbi.

Njia za kutoka hapo zipo na si za gharama. Huduma za vikundi kwenye simu, kama M-Koba ya Vodacom, huruhusu wanachama waone salio na hutaka fedha zitolewe kwa idhini ya zaidi ya mtu mmoja. Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, ambako vyama huandikishwa, inaweza kuweka sharti kwamba chama kisichowasilisha hesabu za mwaka uliopita hakiandikishwi upya. Wanafunzi wa somo la ukaguzi wanaweza kupewa hesabu za vyama wazikague kama zoezi lao la muhula, chini ya mhadhiri. Hili la mwisho lingeleta faida pande mbili: chama kingekaguliwa bure, na mkaguzi mwanafunzi angekutana na kitabu cha kweli, chenye stakabadhi zilizopotea na maandishi yasiyosomeka, badala ya mifano iliyopangwa vizuri ya kwenye kitini.

Matumizi nayo yanasema mengi. Bajeti nyingi za vyama huelemea kwenye fulana, ukumbi, chakula na cheti cha ushiriki. Hakuna ubaya katika fulana. Lakini kongamano moja la siku moja hotelini linaweza kula ada ya mwaka mzima, na mwanachama akatoka na picha na cheti ambacho hakuna mwajiri anayekiuliza.

Kuna hatari nyingine inayostahili kutajwa wazi. Mtandao wa wanafunzi wa biashara, wenye vijana wengi wanaotafuta kipato, ni shabaha rahisi ya watu wanaouza mipango ya upatu na biashara za kuvuta watu. Watanzania hawajasahau DECI, mpango wa "kupanda na kuvuna" uliosimamishwa na serikali mwaka 2009 baada ya kuchukua fedha za maelfu ya watu, na waanzilishi wake wakafikishwa mahakamani. Hesabu ya upatu ni rahisi kwa mtu aliyesoma fedha: malipo ya aliyetangulia yanatoka kwa aliyefuata, na idadi ya wanaofuata ina mwisho. Chama cha wanafunzi wa biashara kina wajibu wa kuifanya hesabu hiyo hadharani kila mwaka wanafunzi wapya wanapofika, na kumnyima ukumbi yeyote anayeleta mpango usioonyesha bidhaa wala mapato.

Njia panda kama darasa

Ziara za mafunzo za vyama vya biashara kwa kawaida huenda bandarini, benki kuu, au kiwandani Dar es Salaam na Mwanza. Ni mahali pazuri. Hata hivyo kontena linaloonekana bandarini ni mwanzo tu wa habari. Sehemu kubwa ya gharama yake hutokea barabarani, na Lusahunga iko karibu na mwisho wa barabara hiyo, katika safari ya takriban kilomita 1,300 kutoka Dar es Salaam hadi Rusumo.

Lori moja linalopumzika Lusahunga lina masomo ya mihula miwili. Uzito wake wote, gari na mzigo, hauruhusiwi kuzidi tani 56 kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya udhibiti wa uzito wa magari. Mwanafunzi wa ugavi anaweza kukokotoa mzigo halali unaobaki baada ya kuondoa uzito wa gari, kisha gharama ya kila tani. Mzigo wenyewe unapita nchini bila kulipiwa ushuru wa Tanzania, ukiwa chini ya dhamana ya forodha na lakiri ya kielektroniki inayofuatiliwa na Mamlaka ya Mapato, TRA. Mwenye mzigo analipa bima, wakala wa forodha, mafuta, posho ya dereva na utingo, na kila siku ambayo gari linasimama ni siku ambayo mkopo wa gari unaendelea kudai riba. Kituo cha pamoja cha mpakani Rusumo, kilichozinduliwa Aprili 2016 na marais John Magufuli na Paul Kagame, kilijengwa kwa sababu hiyo hasa: mzigo ukaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Mwanafunzi akilinganisha gharama ya lori kwa siku na muda uliookolewa mpakani, atakuwa amefanya uchambuzi wa uwekezaji wa umma bila kusoma mfano wa nchi ya mbali.

Upande wa pili wa barabara kuna biashara ndogo, na hii ina masomo mazito zaidi. Rwanda na Burundi ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2007, na kwa utaratibu rahisi wa jumuiya mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa za asili ya nchi wanachama, zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa na zenye thamani isiyozidi dola 2,000, hupewa cheti rahisi cha uasili mpakani na hadaiwi ushuru wa forodha. Mama anayepeleka maharage au ndizi ng'ambo ya mpaka wa Rusumo au wa Kabanga na Kobero anastahili cheti hicho. Anayekijua anapita barabarani. Asiyekijua humlipa dalali au hupita njia za panya, akapoteza mzigo ukikamatwa. Wanafunzi kumi wa chama cha masoko au cha uhasibu, wakikaa wiki mbili Ngara wakati wa likizo, wakiwa na karatasi zilizoandikwa kwa Kiswahili, Kihangaza na Kirundi, wangeweza kufanya kazi yenye faida inayopimika kwa shilingi.

Kahawa ina somo lake. Bukoba Native Co-operative Union ilianzishwa mwaka 1950 ili mkulima wa Kagera auze kahawa yake kwa pamoja. Vyama vikuu vya ushirika vilifutwa na serikali mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na KCU ya leo, chama kikuu cha ushirika cha Kagera, ni mrithi wa historia hiyo. Bado wakulima mkoani Kagera hunaswa na butura, yaani kuuza kahawa ikiwa ingali maua au mbichi shambani kwa mnunuzi anayetoa fedha mapema. Kwa mwanafunzi wa fedha butura ni mkopo uliojificha. Tuseme mkulima amechukua shilingi 10,000 leo kwa debe ambalo baada ya miezi sita litauzwa 25,000: amelipa riba ya asilimia 150 kwa nusu mwaka. Hakuna benki inayothubutu kutangaza riba ya namna hiyo. Klabu ya fedha ikikokotoa riba hii kwa mikataba halisi ya wakulima, na kuilinganisha na riba ya chama cha akiba na mikopo, itawapa viongozi wa ushirika hoja ambayo hotuba za kukemea butura hazijawahi kuwa nayo.

Eneo hili limewahi pia kuwa na shughuli ya ugavi ya kiwango ambacho vitabu vya ununuzi huchukua mifano yake ng'ambo. Mnamo tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia Rwanda, na kambi ya Benaco huko Ngara ikawa kama mji mkubwa. Chakula, maji, mahema na dawa vilipaswa kufika kwa barabara hiyo hiyo, kupitia pori ambalo miaka iliyofuata lilijulikana kwa utekaji hata mabasi yakasindikizwa na polisi. Bei za vyakula, ujira wa vibarua na kodi za nyumba Ngara zilibadilika. Wazee waliokuwa madereva, watunza maghala na wauza duka wakati huo wengi wangali hai. Kumbukumbu zao ni mali ya taaluma ya ugavi, na kuzikusanya ni kazi inayokifaa sana chama cha wanafunzi, kwa sababu haihitaji fedha nyingi. Inahitaji muda, daftari na adabu ya kusikiliza.

Migodi ni jambo la karibu zaidi. Mgodi wa dhahabu wa Tulawaka, Biharamulo, ulianza uzalishaji mwaka 2005 na mwaka 2013 ukaingia mikononi mwa shirika la madini la taifa, STAMICO, kupitia kampuni yake ya STAMIGOLD. Ngara kuna nikeli ya Kabanga, ambayo mkataba wake kati ya serikali na mwekezaji ulitiwa saini Januari 2021. Kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika madini zinataka migodi inunue bidhaa na huduma kwanza kwa Watanzania. Lakini muuza mboga wa Lusahunga hawezi kuuza mgodini kama hana namba ya mlipakodi, ankara inayosomeka, na uwezo wa kusubiri malipo kwa wiki kadhaa. Pengo hilo ni la karatasi na mtaji wa mzunguko, na ndilo hasa somo ambalo mwanafunzi wa biashara amelisoma.

Kwa nini vyama haviendi huko? Umbali ni sababu ya kweli, ingawa imepungua. Daraja la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko kati ya Mwanza na Geita, na barabara ya Lusahunga hadi Rusumo imeingizwa katika mpango wa ukarabati. Sababu nyingine ni lugha ya chuo. Mikutano ya vyama huendeshwa kwa Kiingereza, mawasilisho hupimwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi huishia kujua istilahi za mtaji wa mzunguko asizoweza kumweleza mama lishe. Sababu ya tatu ni wafadhili: benki na kampuni za simu hudhamini tukio lenye kamera, mjini. Sababu ya mwisho ni uongozi: wanawake, ambao ndio wengi sokoni, kwenye uongozi wa vyama hupewa mara nyingi nafasi ya katibu au makamu, mara chache ya mwenyekiti au mweka hazina.

Upo pia mfuko ulio karibu kuliko wafadhili wote. Tangu marekebisho ya sheria ya fedha za serikali za mitaa mwaka 2018, kila halmashauri inapaswa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, kisha ikarejeshwa mwaka 2024. Hutolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa, vyenye katiba, akaunti na andiko la mradi. Mhitimu aliyewahi kuwa mweka hazina wa chama kinachotunza vitabu anajua mambo hayo yote matatu. Akirudi Biharamulo au Ngara, ni mtu ambaye kikundi cha vijana kingemhitaji tangu siku ya kwanza.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga kampasi ya Kagera, Bukoba, chini ya HEET, mradi wa elimu ya juu wa dola milioni 425 unaofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kampasi hiyo itakuwa kwenye barabara ileile inayoshuka hadi Lusahunga, na vyama vya wanafunzi wake vitaandikwa upya kabisa, bila mazoea ya kurithi. Watakaoandika katiba zake za kwanza waweke vifungu viwili ambavyo katiba nyingi za vyama hazina: hesabu zilizokaguliwa zibandikwe ubaoni kila mwaka kabla ya uchaguzi, na kila mwaka chama kifanye kazi moja ya kupimika katika soko, ghala au mpaka wa mkoa wa Kagera, matokeo yake yakabidhiwe kwa Kiswahili kwa watu waliofanyiwa kazi hiyo.